Bonyeza Moja Kama Hujambo

Nimeshaambiwa kwenye vikao, mbele za watu, kwamba mimi ni adui wa teknolojia. Nasema hapahapa mwanzo kwamba ni uongo. Umeme nanunua kwa simu, ada ya watoto nalipa kwa simu, na mama yangu aliyeko Tabora namwona kila Jumapili kwenye kioo cha simu akinigombeza kwamba nimekonda. Ninachokipinga ni kitu kingine, na nitakieleza kama nilivyokiona, kwa sababu waliokieleza kabla yangu walikipaka rangi ya kijani.

Shirika letu ni dogo. Linahudumia wazee wanaoishi peke yao Kunduchi na mitaa ya jirani, na ofisi yake ni nyumba ya kupanga yenye sebule tuliyoigeuza ukumbi. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Tulikuwa na kina mama wa mtaani tuliowaita watembeleaji, na kila mmoja alikuwa na wazee wake. Kila wiki anapiga hodi, anakaribishwa, anakaa. Anaangalia kama dawa zinanywewa, kama kuna kitu jikoni, kama paa linavuja. Akiona tatizo analileta ofisini. Mimi nilikuwa mratibu wao, na nilikuwa na wazee wangu wachache niliokataa kumwachia mtu, kwa sababu nawapenda, na sioni haya kulisema hilo.

Mmoja wao nitamwita Bibi tu. Ni Mzaramo wa palepale Kunduchi. Miaka yake yote ya nguvu alinunua samaki mnadani, akawakaanga, akawauza, na mikono yake ina alama za mafuta ya moto mpaka kwenye viwiko. Mumewe alishafariki, mwanawe yuko Mtwara, na vyumba vyake vya mbele amewapangisha vijana wanaotoka alfajiri na kurudi giza limeshaingia. Mimi ni Mnyamwezi kwa baba na kwa mama, ingawa nimezaliwa Temeke, kwa hiyo mimi na Bibi ni watani. Siku ya kwanza nilipomtajia kabila langu, kabila la wapagazi wa misafara ya zamani, alinitazama juu mpaka chini.

"Ahaa! Mpagazi wangu kaja. Haya, mzigo wangu umeutua wapi?"

Tangu siku hiyo sikuwahi kuingia kwake bila kutukanwa. Nami nilimwambia kwamba Wazaramo kazi hawaiwezi, wanachojua ni kucheza ngoma mpaka shamba linaota nyasi, naye alicheka huku akishika mbavu. Asiyejua utani angepita dirishani akadhani tunagombania kiwanja.

Lakini salamu haikuwa utani. Kwa Bibi, na kwa wazee wetu karibu wote, salamu ina mwendo wake. Shikamoo, marahaba. Habari za hapa, nzuri. Za toka juzi, nzuri. Mwili, alhamdulillahi. Unavuta kigoda, unakaa, unaulizwa watoto, unauliza wapangaji. Ukishatulia ndipo anakwambia: nzuri, ila usiku sikulala, mguu unawaka moto. Hakuna mzee mwenye adabu zake atakayekupokea mlangoni na maradhi yake. Hata misiba kwetu hutangazwa hivyo, nyumbani wazima, ila baba hatunaye. Mtembeleaji wa kweli anaijua ile "ila" na anaingoja, hata kama jua linazama na sufuria yake mwenyewe iko jikoni.

Kisha tukapata Mkurugenzi mpya. Simsingizii ubaya. Alitoka benki, alitukuta tunadaiwa kodi ya nyumba na wafadhili wa zamani wamechoka, na bila yeye pengine tungefunga mlango. Alisema shirika lisilo na mkakati ni sawa na kibanda cha chipsi, na kwa hilo nilimpigia makofi. Akamleta mshauri mwelekezi, kijana mstaarabu mwenye shati lililonyooshwa vizuri, aliyekaa nasi siku kadhaa akiuliza maswali na kuchora mishale kwenye karatasi kubwa. Mwisho akatuonyesha mshale mmoja mnene. Watembeleaji, alisema, ni gharama kubwa na hawapanuki.

"Mfumo ninaoupendekeza," akasema, "unaweza kuwasalimia wazee wote wa Dar es Salaam kwa asubuhi moja."

"Kuwasalimia utawasalimia," nikamjibu. "Nani atakaa?"

Watu walicheka. Mkurugenzi naye alicheka, akasema sista huyu ana maneno, tukaenda kunywa chai. Wazo langu liliishia kwenye sambusa.

Mfumo ulikuwa hivi. Kila mzee alipewa simu ndogo ya vitufe. Siku zilizopangwa simu inaita, na mzee akipokea anasikia sauti ya binti, laini, iliyorekodiwa: "Shikamoo mzee wetu. Habari ya leo? Kama hujambo, bonyeza moja. Kama una tatizo, bonyeza mbili." Anayebonyeza mbili anatumiwa mtembeleaji. Anayebonyeza moja anaachwa na amani yake. Majibu yote yalipanda kwenye televisheni kubwa tuliyoitundika ukumbini, waliyoiita dashibodi, ramani ya mitaa yetu yenye vitone, kijani kwa moja na nyekundu kwa mbili.

Tangu wiki ya kwanza ramani ilikuwa kijani. Ilikuwa kijani kama shamba la mpunga. Mkurugenzi alisimama mbele yake asubuhi na kikombe cha kahawa, na nakiri alikuwa na haki ya kufurahi, maana ndivyo kilivyosema kile kioo. Kwa kuwa hakuna aliyebonyeza mbili, hakukuwa na pa kumtuma mtembeleaji. Kwa kuwa hatumwi, hapewi posho ya nauli. Kina mama wale walirudi kwenye biashara zao za maandazi na vitenge, wakabaki wachache tu wa kungoja vitone vyekundu. Ripoti ikaandikwa kwamba tangu mfumo uanze hali za wazee zimeboreka. Wafadhili wakafurahi, wakasema panueni. Mimi nikapelekwa Kibamba kuandikisha wazee wapya.

Niligoma kidogo, nikaambiwa mkataba wangu hautaji Kunduchi popote. Nikaenda. Masika yote nilikuwa Kibamba na matope yake, natoka msikitini naingia kanisani, naandikisha wazee na kuwagawia simu. Kila nilipopiga ofisini kuuliza habari za Bibi wangu niliambiwa yuko kijani, tena huyo ndiye bora kuliko wote, hajawahi kukosa simu hata moja.

Kisha nikawa na hitima ya shangazi wa mume wangu huko Kawe, na ilipokwisha nikasema siwezi kufika Kawe nikageuza bila kutukanwa. Nikapitiliza Kunduchi.

Nilipiga hodi. Sauti ikasema karibu, bila tusi. Hapo tu nikajua kuna jambo. Ndani kulikuwa na udi mwingi mno, moshi umetanda mpaka kwenye pazia, na chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine. Bibi alikuwa amekaa kitandani, miguu ameifunika khanga. Nikamwamkia, akaitikia. Habari za hapa, nzuri. Za siku nyingi, nzuri. Mwili, alhamdulillahi. Nikavuta kigoda, nikajilazimisha kukaa, nikauliza wapangaji, akaniuliza watoto.

"Nzuri, Mnyamwezi wangu," akasema mwishowe. "Ila kuna hiki kidole."

Akaifunua khanga. Hakikuwa kidole tena, ulikuwa mguu, na weusi ulikuwa umeshapanda. Bibi ana kisukari, sote tulijua, nami kabla ya Kibamba nilikuwa nikimkagua nyayo kila nilipokwenda.

"Bibi, kwani simu haikupigii?"

"Inapiga! Binti wa watu yule ana adabu. Ananiamkia kabla ya yote, na mie namwitikia."

"Halafu unabonyeza ngapi?"

"Moja."

"Si alikwambia kama una tatizo bonyeza mbili?"

Alinishangaa, kweli alinishangaa, kama nimemtajia jambo la aibu.

"Mtu kanisalimia, hata hajakaa, mie nimwambie mbaya? Sie tumelelewa hivyo? Namwambia nzuri, nangoja amalize salamu aniulize. Mara kakata! Nikasema labda leo ana haraka, atauliza siku nyingine."

Alikuwa ameingoja siku nyingine masika nzima, akifukiza udi ili wapangaji wasikereke. Nao wapangaji walimwamkia kila alfajiri wakipita, akawajibu nzuri, wakaenda kazini.

Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji. Daktari alisema angefikishwa mapema, kidonda kingeoshwa kikafunga. Waliukata mguu chini ya goti. Nilikaa nje kwenye benchi nikalia kwa hasira, na hasira hiyo sijaiomba msamaha popote wala sitaiomba.

Nilimweleza Mkurugenzi. Akasema pole sana, lakini kisukari hakikuanza na mfumo, na mgonjwa mmoja hawezi kuhukumu mradi mzima. Akaniomba jambo hilo tulizungumze baada ya ugeni. Ugeni wenyewe ulikuwa mkubwa. Wafadhili walikuwa wanamleta mtu kuangalia kama mfumo wetu upelekwe mikoani.

"Nitafutie mzee mmoja wa Kunduchi anayejibu simu vizuri," akaniambia. "Mgeni anataka kuongea na mnufaika."

Nilitazama dashibodi. Jina la kwanza kabisa kwenye orodha ya wanaojibu bila kukosa lilikuwa la Bibi. Nikasema nitamleta.

Sikumdanganya Bibi. Nilimwambia kuna mkutano, kuna mgeni, wakubwa wangu wanaweza kukasirika, na akitaka kubaki nyumbani hakuna wa kumlaumu. Alifikiri huku akikuna paja.

"Mie sina mguu. Utanibeba?"

"Nitakubeba."

"Basi si ndiyo kazi yenu tangu zamani! Beba, twende."

Siku ya mkutano nilimwingiza ukumbini kwenye kiti cha magurudumu tulichoazima zahanati, amevaa khanga mpya, sehemu ya chini ameifunika vizuri. Mkurugenzi alinitazama, uso ukambadilika, lakini mgeni alishasimama kumpokea. Alikuwa mama wa makamo kutoka nchi jirani, mchangamfu, Kiswahili chake cha haraka haraka, na aliniridhisha kwamba hakuja na dharau.

"Habari yako, Bibi?"

"Nzuri, mwanangu."

"Na simu inakusaidia?"

"Inasaidia, Mungu awalipe."

Mgeni akatabasamu, akaandika, akamgeukia mshauri kwa swali lingine. Nyuma yake ramani yetu iling'aa kijani kwenye ukuta. Salamu ikawa imepita. Kama ningenyamaza, wangekunywa soda wakaagana, na mfumo ungepanda basi kwenda mikoani.

"Samahani," nikasema. "Mgeni wetu hajakaa."

Mkurugenzi akaniita kwa jina, kwa sauti ya chini. Sikugeuka. Nilichukua kiti, nikakiweka mbele ya Bibi, goti kwa goti, nikamwomba yule mama akae na amsalimie upya, bila haraka, kama angekuwa nyumbani kwa mama yake. Alisita, akanitazama, kisha akakaa. Nitamheshimu daima kwa hilo. Akamwamkia. Akauliza za hapa, akauliza watoto, akauliza za tangu asubuhi. Bibi akamwuliza za safari na za kwao. Mshauri alitazama saa yake. Nilimwachia saa yake.

"Na mwili, Bibi?"

"Mwili alhamdulillahi, mwanangu. Nzuri. Ila huu mguu ndio wameshaukata."

Akainua khanga.

Wa kwanza kusema alikuwa mshauri, na sidhani kama alikusudia ubaya, ni ulimi uliomtangulia.

"Lakini namba mbili ilikuwepo," akasema.

"Ilikuwepo," nikamwambia. "Ingekaa hapo mpaka kaburini. Wewe kwenu, mkwe wako akikuuliza habari, unaanza na jipu?"

Nilimwona akifikiri, maana naye ni mtoto wa Mswahili. Mgeni aliuliza ni wazee wangapi wengine wako hivi. Akamtazama Mkurugenzi, Mkurugenzi akaitazama dashibodi, na dashibodi ikabaki kijani. Hakuna aliyejua. Nikasema tukienda tukikaa nao, tutajua.

Siku zilizofuata niliwarudisha kina mama barabarani bila kungoja ruhusa, wengine kwa nauli zao. Waliyokuja nayo yalinitosha maisha. Mzee mmoja alikuwa akilala jikoni kwa sababu paa la chumbani lilianguka. Mwingine haoni tena, anabonyeza kwa kupapasa, na moja ndiyo iliyo pembeni. Na mmoja alikuwa ameshazikwa. Simu yake aliirithi mkwe wake, naye alibonyeza moja kila ilipoita, kwa sababu kweli alikuwa hajambo. Marehemu yule alikuwa mmoja wa wazee waliokuwa na hali nzuri kuliko wote.

Wafadhili walitushukuru kwa ukweli wetu. Maneno yao yalikuwa matamu kweli. Kisha wakatuuliza, kama tunataka kurudi kwenye kutembelea, tutapimaje matokeo? Walitaka kipimo kinachoonekana kwenye kioo. Niliwaambia mzee ahesabiwe ametembelewa pale tu ambapo mtu amekaa naye mpaka akasema yale ya baada ya nzuri. Wakasema hilo haliwezi kupimwa.

"Basi msitupime," nikasema. "Lakini sie tutaenda."

Pesa zilikoma. Mkurugenzi aliniambia nimeliua shirika kwa mdomo wangu. Nilimwambia shirika liko hai, linatembea kwa miguu, aende mtaani akalione, na kwamba mimi simchukii yeye wala simu zake. Simu ni chombo. Leo watembeleaji wetu wanazitumia za kwao kuniita mzee akizidiwa, na zinatufaa kweli. Mkakati wa kweli ungeanza kwa kuuliza watu hawa husemaje wakiwa na shida, halafu ndiyo mshale uchorwe. Yeye alianza na mshale. Hakunifukuza, kwa sababu hakuna mwingine anayezijua nyumba zile, na hakunisamehe. Tunafanya kazi hivyo hivyo. Dashibodi imezimwa, wazee wengine Kibamba hatuwafikii kabisa na hilo linaniuma, na kina mama wanapiga hodi kila wiki kwa posho ya kubahatisha.

Mwishowe ikaja amri kwamba mradi umefungwa, kwa hiyo mali za mradi zirudishwe. Mali hizo ni zile simu. Mkurugenzi akanituma mimi nizikusanye, nadhani kwa makusudi. Wazee wengi walinipa bila neno, wengine wamezifunga vizuri kwenye leso. Nikafika kwa Bibi. Nilimwamkia, nikakaa, tukatukanana kama kawaida, nikanywa uji wake. Kisha nikamwambia nilichotumwa.

Aliitoa simu chini ya mto, akaitazama, akairudisha chini ya mto, akaikalia.

"Kawaambie hao waliokutuma," akasema, na safari hii hakuwa akitania. "Mguu nimeshawapa. Simu hawaipati."

Nilirudi ofisini nikamfikishia Mkurugenzi maneno hayo kama yalivyo, bila kuyapunguza. Nikamwambia mimi siendi tena. Akiitaka, nyumba naijua, nitamwelekeza. Apige hodi, avute kigoda, akae, amwulize mwenyewe.

Mpaka leo hajaenda.